Okidi ya Bi Mkasi

Bi Mkasi hakuitwa hivyo bure. Miaka thelathini ya kushonea watu nguo ilimfanya asivumilie uzi unaoning'inia, hata kama uko kwenye koti la daktari anayempima. Mkasi wake mdogo ulikaa shingoni, na kabla hujamaliza kumsalimia, uzi wako umeshakatwa.

Kibarazani kwake palining'inia kikapu cha okidi alichonunuliwa na marehemu mumewe wiki chache kabla hajafariki. Mzee yule hakujua kuchagua rangi. Aliwahi kumletea kitambaa cha njano chenye madoadoa ya kahawia, akambembeleza amshonee shati, naye akagoma katakata: hatembei barabarani na ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alipomuuliza okidi itatoa maua ya rangi gani, mzee alicheka. "Utaona mwenyewe," alisema.

Mwaka wa nne sasa, hajaona kitu. Aliibadilishia magome ya miti inamoota, akaisogeza penye mwanga, akainyunyizia maji kila asubuhi. Ikatoa majani tu. Na macho nayo yakaanza kuingia ukungu. Roho ilimuuma kufikiri kwamba maua yangechanua yeye haoni, aje asimuliwe rangi aliyochaguliwa.

Wifi yake akahamia kumtunza wakati wakisubiri zamu ya upasuaji wa macho. Siku ya pili tu, Bi Mkasi alikata pindo zima la pazia akidhani ni uzi. Wifi akamnyang'anya mkasi na kuufungia kabatini.

Miezi mitano baadaye, wifi akinyunyizia kikapu, alishangaa mizizi mirefu iliyokuwa ikielea hewani. Akauliza mbona zamani hakuwahi kuiona.

"Zile nyuzi?" alisema Bi Mkasi. "Nilikuwa nazikata kila Jumamosi. Zilikuwa zinaaibisha kikapu."

Wifi aliketi chini. "Wifi yangu, hiyo ndiyo inayokunywa maji. Miaka minne unamkata mwenzio midomo, halafu unamlaumu kwamba hali."

Bi Mkasi alijifunika uso kwa aibu. Ndipo wifi akamwambia kwamba kikonyo kimechomoza, na vitumba juu yake. Bi Mkasi akamwapisha: yakichanua, asitaje rangi.

Yalichanua wiki moja kabla ya upasuaji. Wifi alitimiza kiapo, ila kila akienda kumwagilia alirudi ameshika mbavu kwa kicheko, na Bi Mkasi akawa hali wala halali kwa kutaka kujua.

Siku alipofunguliwa bandeji, alipita moja kwa moja hadi kibarazani bila hata kuvua viatu. Maua yalikuwa yameufunika ukingo wa kikapu: ya njano, yenye madoadoa ya kahawia.

Bi Mkasi alicheka mpaka machozi yakamtoka, wifi akimkumbusha kwamba daktari amekataza kulia. Alifurahi kama siku ya harusi yake. Kisha akaingia chumbani, akakitoa kile kitambaa chini kabisa ya sanduku, akakipima mabegani mwake.

"Kaka yako ameshinda," alimwambia wifi. "Nipe mkasi wangu. Gauni hili nalivaa kesho."