Mafundo ya Mueni

Ulimi hauna mfupa, na wa Kalunde haukuwa hata na breki. Mjini Machakos alijulikana hivyo. Mdogo wake, Mueni, aliyefanya kazi naye miaka kumi na tisa katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, ndiye aliyeona joto la jiwe kuliko wote. Hawa dada wawili walitunga shanga za kila aina, lakini kazi iliyowapa jina ilikuwa ya lulu, ile mikufu mirefu isiyo na kishikizo, ya kuvaliwa kwa kupitisha kichwani.

Usidhani ni kazi ya kutunga hivi hivi. Uzi wa hariri kwanza unaloweshwa, unafungiwa jiwe na kuning'inizwa mpaka umalize kunyooka, la sivyo mkufu utarefukia shingoni mwa mwenyewe na aibu iwe yako. Halafu, baada ya kila lulu, unapiga fundo. Unafanya kitanzi, unapitisha sindano ndani yake, unaliongoza fundo polepole mpaka liguse lulu, ndipo unachomoa sindano na kukaza kwa ukucha wa kidole gumba. Fundo huzuia lulu zisisuguane, na uzi ukikatika inaanguka moja tu. Ila likishakazwa halifunguki tena. Ukikosea, ni mkasi.

Mkufu mrefu waligawana. Kila mmoja alikuwa na uzi wake na nusu yake, kisha nusu mbili zinaunganishwa. Mwezi wa Agosti, mwaka wa 2003, Mwalimu Kamanthe aliwaletea lulu mia moja na sitini ambazo kaka yake alizitoa Bahrain. Binti wa Mwalimu alikuwa anaolewa. Basi themanini zikaenda kwa Kalunde, themanini kwa Mueni.

Jumanne moja Kalunde akatupa jicho kwenye nusu ya mdogo wake, akaona nafasi kati ya lulu na lulu. Akawaka.

“Mueni! Hii ni kazi ama ni mchezo? Haya mafundo yamelegea, hata mtoto wa nasari angekushinda! Kama umechoka sema, nitafute mtu ako na mikono.”

Mueni hakuinua kichwa. “Nitakaza, dada,” akasema.

Kalunde akanuna siku mbili, kama kawaida yake. Alhamisi Mueni alimaliza, akaifunika nusu yake kwa kitambaa, akaenda zake. Jumapili asubuhi, akijitayarisha kwenda kanisani, alianguka mlangoni pake. Hospitali walisema ni kiharusi. Saa nane mchana alikuwa ameshatutoka.

Walimzika kwao Katelembo, kando ya baba yao, maana Mueni hakuwahi kuolewa. Kalunde hakulia mbele za watu. Alisimamia ugali na maharagwe ya waombolezaji, akawafokea waliochota maji kidogo, na wiki iliyofuata akarudi kazini, akaziunganisha zile nusu mbili.

Nusu ya Mueni ilikuwa ndefu kwa vidole vitatu.

Mwalimu Kamanthe alipokuja kuutazama mkufu, aliunyanyua, akazilinganisha nusu mbili. Hakuwa mtu mbaya. “Pole sana, Mama Kitheka,” akamwambia Kalunde, “najua mkono wa nani uko hapa. Lakini upande huu unaning'inia. Harusi ni Jumamosi, na mtoto ataonekana amevaa mikufu miwili.” Akagusa upande wa Kalunde. “Tafadhali, yote iwe kama hii.”

Alipoondoka, Kalunde alipeleka mkasi kwenye nusu yake mwenyewe. Heri ife yangu, alijisemea, nami nitafunga upya nikiacha nafasi pana kama zake. Hariri iliyobaki ilitosha nusu moja tu, hivyo nusu ambayo ingekatwa, mafundo yake yangepotea kabisa. Na yale yalikuwa mafundo ya mwisho ya mwiitu wa mwaitu, mtoto wa mama yake. Hapangekuwa na mengine tena duniani. Lakini mkono ukagoma. Uzi uliolegea husagwa na tundu la lulu hadi ukatike, na bibi harusi wa watu alikuwa amekosa nini? Alikaa hapo hadi chai ikapoa. Kisha akageuza mkufu, akaanza kwa Mueni, kuanzia fundo lililofungwa mwisho.

Mkasi ulikwama. Akalisogeza fundo dirishani penye mwanga, akakunja macho. Halikuwa limelegea hata kidogo. Yalikuwa mafundo mawili, moja juu ya jingine, na ule unene wao ndio uliozisukuma lulu zikaachana. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na matatu.

“Aiii, Mueni, ulikuwa unafanya nini?” akauliza.

Akaendelea kukata, lulu zikidondoka moja moja ndani ya bakuli. Mawili, mawili, mawili. Alihesabu lulu arobaini na mbili. Ya arobaini na tatu ilikuwa na fundo moja, legevu, la kuteleza. Iliyofuata pia. Na zote za nyuma yake.

Hapo ndipo Jumanne ya kufokewa ilipokuwa.

Kalunde akaona yote kwa mara moja. Kumbe ndiyo maana Mueni alikuwa siku zile akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana alisema macho yamechoka, akamwomba dada yake amtungie uzi kwenye sindano, naye Kalunde akamwita mvivu. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kufa. Haukuweza kukaza kabla hajafokewa, wala baada ya kufokewa. Basi akawa anafunga, halafu anafunga tena juu yake. Lulu arobaini na mbili, kwa siku mbili, na dada yake ameketi hatua mbili kutoka kwake, amenuna.

“Si ungesema!” Kalunde alipaza sauti, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. “Una mdomo wa nini, Mueni? Si ungeniambia tu!”

Akaisikia sauti yake. Ilikuwa ile ile, kali, imejaa chumba kizima. Akaachia mkasi, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.