Kipandio Kilichozidi Vidole Viwili

Lifti ya mnara ilikuwepo, lakini mwashi alikuwa ameshakata shauri: atapanda kwa miguu, goti lipende lisipende. Mkewe na binti yao walimfuata wakinung'unika, maana tangu waingie katika mji huu wa kigeni, mzee hakutazama kitu ila kuta.

Karibu na kilele alijikwaa. Akachutama, akapima kile kipandio kwa shubiri, kisha akapima cha chini yake. Kilizidi vidole viwili.

"Mama watoto, njoo ukanyage hapa," alisema. "Miaka thelathini unanisimanga kwa kile kipandio cha mlango wa jikoni. Cha fundi huyu watu wanavuka bahari kuja kukiona."

Mkewe alikikanyaga taratibu.

"Fundi huyu keshakufa," alisema. "Wewe ukirudi nyumbani utakirekebisha chako."