Watani wa Chini ya Ukungu

Winfrida hakuwa mtu wa michezo ya simu. Wanafunzi wake wa sekondari kule Mkunya walilijua hilo vizuri, kwa kuwa simu yoyote iliyolia milio ya risasi darasani ililala kwenye droo yake mpaka mzazi aje kuiomba. Lakini Jumapili ile alipotoka kanisani hata nguo hakubadilisha. Alikaa kwenye kibaraza cha mama yake pale Newala, mahali ambapo mtandao hushika bila kubembelezwa, akaufungua mchezo na kuanza kungoja.

Mchezo wenyewe hakuhitaji kufundishwa. Aliuanzisha yeye, pamoja na wawili wengine.

Walikuwa wamemaliza kidato cha sita na wanasubiri matokeo, na mtu anayesubiri matokeo hana kazi duniani zaidi ya kula na kulala. Walikutana Masasi nyumbani kwa shangazi yake: yeye, binamu yake Erasto, na Ashraf, kijana wa Lupaso aliyekuja siku moja kumsalimia Erasto na hakuondoka tena mpaka likizo ikaisha. Winfrida aliwasimulia jinsi mtu wa Newala anavyosimama asubuhi ukingoni mwa nyanda za juu asiione Ruvuma wala bonde, ila ukungu mtupu. Bibi yake alikuwa akishuka humo akiwa msichana kwenda kuteka maji, kisha anapanda mlima mzima na mtungi kichwani. Ashraf akauliza, "Na huko chini alikutana na nani?" Hakuna aliyejua. Basi wakakaa mezani wakaanza kutunga.

Nchi waliyoitunga waliiita Chini ya Ukungu. Ramani yake waliichora nyuma ya kalenda ya zamani. Wachezaji walikuwa korosho zenye maganda, kila moja na rangi yake, na Ashraf alichonga dadu kwa kipande cha mpingo. Unashuka na kibuyu chako, unapita kwenye mapango ya mandondosha, wale wafu wanaotembea, na misitu inayohama, unafika kisimani, unateka, unapanda. Njiani maji yanamwagika. Mmoja wao alisimulia, wengine walisafiri, na kuna siku shangazi aliwaita chakula mpaka akachoka, akala peke yake.

Korosho ya Ashraf iliitwa Sultani Mchovu. Ni yeye aliyeleta sheria ya kisima: wasafiri wawili wakikutana pale, lazima watukanane, na mwenye tusi zuri zaidi ndiye anayeteka kwanza.

Asiyetoka Kusini huenda akashangaa sheria gani hiyo. Winfrida ni Mmakonde, Ashraf ni Myao, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hakuulizi habari za nyumbani kwa upole kama karani wa kanisa. Anakuita mla panya, anakuuliza ni nani aliyekufunga hiyo nguo vibaya, na ukimkasirikia watu wanakushangaa wewe. Ashraf akimwona Winfrida tu alianza, "Wewe mla panya, bado upo?" Naye alimjibu kwamba Wayao wanalijua rungu la ngoma kuliko mpini wa jembe. Wakati mwingine walisahau hata zamu ya nani kurusha dadu.

Kisha bibi akafariki. Jeneza lilipotoka ndani, Ashraf akajilaza chali katikati ya njia na kusema haendi mtu makaburini mpaka wafiwa watoe kuku, maana bibi huyu kaondoka bila kuaga. Watu waliokuwa wakilia wakacheka huku wanalia. Wakamletea kuku mmoja aliyekonda. Akamkagua, akawasuta Wamakonde wote kwa uchoyo wao, akainuka. Alipotia bega kwenye jeneza, machozi yalikuwa yamemlowesha kola. Siku hiyo Winfrida alijua kwamba anampenda, na kwamba hilo halitamtoka.

Baba yake, katekista, alisema utani ni utani na ndoa ni ndoa. Ashraf akasema atavuka Ruvuma akachimbe mawe ya thamani upande wa pili, arudi akiwa na nyumba na heshima, halafu tuone mzee atasema nini. Alipiga simu miezi ya mwanzo. Halafu vita vikalipuka kule, watu wakakimbia kila upande, na namba yake ikanyamaza. Miaka ikapita. Baba wa Winfrida naye akafariki, na hakuna Myao yeyote aliyelala njiani. Posa zilikuja mbili. Mama yake, Mama Dominika, alizipokea kwa adabu na Winfrida akazirudisha kwa adabu. Kila msimu wa korosho alikwenda Lupaso kumsalimia mama yake Ashraf, Bi Mwanaheri, ambaye alikuwa amekataa katakata mwanawe asomewe hitima. "Sijaona mwili," alisema, na hapo mazungumzo yaliisha.

Erasto alikwenda na mchezo Dar es Salaam. Akauchapisha ukawa na boksi lake na ramani ya rangi, vijana wa vyuo wakaupenda, ukachezwa mpaka Mwanza na Arusha. Baadaye ikaja kampuni ikataka kuuingiza mtandaoni, watu maelfu wacheze pamoja kila mmoja na simu yake. Erasto akampigia binamu yake amsaidie: vijiji viongee vipi, misitu ihame lini, mandondosha waimbe nini. Winfrida alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Hakumwambia sababu, ingawa Erasto si mjinga. Kama Chini ya Ukungu ingefika kwenye kila simu, ingefika na ng'ambo ya Ruvuma. Na kama Ashraf alikuwa hai popote duniani, akaiona nchi ile, atashuka kisimani. Hilo ndilo tu alilokuwa analitaka.

Kuhamisha mchezo wa mezani kwenda mtandaoni kuna mambo yake. Mezani mnatazamana. Ukimuudhi mtu unaona uso wake, unamsogezea sahani ya mihogo. Mtandaoni hakuna sahani. Trevor, kijana wa kampuni aliyekuwa akitengeneza mfumo, alimpigia siku moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Trevor."

"Mwalimu, ile sheria ya kisima inanipa shida. Watu hawajuani, tena kuna watoto. Tukiruhusu matusi, wiki moja tu itakuwa vurugu."

Winfrida alifikiria simu zilizojaa kwenye droo yake, na mambo aliyowahi kuyasoma humo. "Iondoe," alisema.

"Na maneno ya huko kwenu siyajui. Mfumo utamtoa mtu papo hapo akitukana Kiswahili. Lakini akitukana kwa mtindo wa Kusini?"

Basi Winfrida akamtajia. Alitaja huku anacheka, na Trevor akaandika huku anacheka: mla panya, mlafi wa matanga, na mengine ya Kimakonde na Kiyao ambayo hapa hayaandikiki. Alitaja yale aliyoyajua zaidi. Na aliyoyajua zaidi, kama angetulia kidogo akafikiri, ni yale aliyoambiwa na mtu mmoja. Hakutulia. Alikuwa mwalimu siku hiyo, na walimu wakishika chaki huwa hivyo.

Mchezo ukafunguliwa. Kila Jumapili alikaa kibarazani, akamshusha msafiri wake, mwenye jina Winfrida juu ya kichwa, mpaka kisimani, akamkalisha pale. Wengine walipita na vibuyu vyao, wakamsalimu kwa heshima, "Habari za safari," "Maji mema," wakapanda zao. Kisima kilikuwa na adabu kama chumba cha kusubiri daktari. Yeye hakukipenda, lakini alingoja.

Jumapili ile, jua likiwa utosini, msafiri mmoja alitokea kwenye ukungu akitembea polepole. Alikuwa na kibuyu kitupu. Juu ya kichwa chake palikuwa na jina: Sultani Mchovu.

Winfrida aliinuka, simu mkononi, akakaa tena. Akaandika "Ashraf", akafuta, akaandika tena. Pembeni mwa Sultani palionekana vile vinukta vinavyoonyesha kwamba mtu anaandika. Vikasimama. Na Sultani akatoweka.

Pale alipokuwa amesimama pakabaki maandishi mekundu: *Mchezaji ameondolewa kwa lugha ya matusi.*

"Hapana," alisema Winfrida kwa sauti. "Hapana, hapana, hapana."

Alimpigia Trevor. Kijana alikuwa kwenye chakula cha mchana kwa wakwe, lakini sauti aliyoisikia ilimfanya atoke nje na kompyuta yake. "Mwalimu, ni mfumo tu umefanya kazi yake," alisema. "Kweli katukana. Naona aibu hata kukusomea."

"Nisomee."

"Samahani, Mwalimu. Ameandika hivi: 'Wewe mla panya, yule kuku mliyenipa matangani kwa bibi yako alikuwa mgonjwa. Mpaka leo tumbo linaniuma.'"

Winfrida alifunika mdomo kwa kiganja. Yuko hai. Yuko hai na mdomo wake ni ule ule. Kisha likamjia la pili kwa uchungu kuliko la kwanza: alikuwa amefika mpaka mlangoni, akabisha kama alivyobisha siku zote, na mlango ulifungwa usoni mwake kwa maneno aliyoyataja yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

"Mrudishe," alisema.

"Naweza kumfungulia, sasa hivi namfungulia. Lakini kumwita siwezi. Tuliruhusu watu waingie bila kuandika namba. Hatujui ni nani, wala yuko wapi. Mpaka ajaribu tena mwenyewe."

Alipokata simu alimpigia Bi Mwanaheri kule Lupaso. "Shikamoo, mama. Ashraf amenitukana leo."

Upande wa pili kikapigwa kigelegele kirefu mpaka Winfrida akaisogeza simu mbali na sikio.

Wiki ikapita, na nyingine. Sultani Mchovu hakurudi. Winfrida alimwona Ashraf akilini, mahali fulani asipopajua, akisoma yale maandishi mekundu. Ashraf alijua wenye mchezo ni nani. Angeelewa nini, zaidi ya kwamba Winfrida kapata nchi yake na hamtaki tena humo? Mtani asiyejibiwa si mtani tena, ni mtu aliyemtukana mke wa watu. Labda ndivyo alivyodhani, kwamba ni mke wa watu. Alipofika hapo kwenye mawazo alilazimika kuacha kusahihisha madaftari na kutoka nje.

Erasto akaja na wazo. "Dada, tunaweza kutuma tangazo. Sentensi chache, kila aliye na mchezo ataliona, hata ambaye hajaufungua. Andika tu, 'Ashraf, tafadhali wasiliana nasi.'"

"Watakuja akina Ashraf wote wa Afrika Mashariki, na matapeli nyuma yao," alisema Winfrida. "Na yeye atadhani ni kampuni inamdai. Hiyo sauti haijui."

"Basi uandike nini?"

"Rudisheni sheria ya kisima kwanza."

Erasto alivuta pumzi. Trevor alivuta pumzi. Wakabishana siku kadhaa, kampuni ikaogopa, na mwisho wakakubaliana: matusi ya nguoni yabaki nje, utani uruhusiwe, tena kisimani tu. Winfrida mwenyewe alimtajia Trevor maneno ya kufungulia, moja baada ya jingine, na safari hii hakucheka. Halafu akaandika tangazo lake:

"Mimi Winfrida, Mmakonde wa Newala, sijaolewa na nimekaa kisimani. Namtafuta Myao mmoja mvivu, mlafi wa kuku wa matanga, aliyemwogopa bawabu akakimbia na kibuyu kitupu. Aliyemfukuza ni mimi, kwa ujinga wangu. Kama bado ana mdomo, aje aseme."

Erasto alilisoma mara mbili, akafuta miwani yake, akalituma lilivyo.

Jumapili Winfrida alishuka kisimani akakuta hakuna pa kukanyaga. Walikuwa wamekuja Wayao wa Masasi na Tunduru, Wamakua wa Nanyumbu, Wamwera, hata Wangoni ambao hakuna aliyewaalika. Wote walikuwa wakimtukana. Mmoja alimuuliza kama panya wa Newala wameisha ndiyo maana anatafuta mume. Mwingine alidai kuku wake wa miaka ya nyuma. Wengine waliandika kutoka ng'ambo, Kiswahili chao kimechanganyika na Kireno. Majina hayakuwa na maana yoyote, kwa sababu nusu yao walikuwa wamejiita Sultani.

Mama Dominika alitoka jikoni kwa kusikia kicheko, akamkuta binti yake mashavu yamelowa.

"Kuna nini tena?"

"Wananitukana, mama."

"Akina nani?"

"Wote."

Mama yake alimtazama, akaenda kumletea chai na kiti chenye mgongo. Matusi yalikuwa bado yanamiminika. Winfrida alirudi juu kabisa, kwenye la kwanza, akaanza kusoma moja moja kwa utaratibu, akiutafuta ule mdomo anaoujua, na hakuruka hata lile lililoandikwa vibaya.