Uso wa Wendell Kostiuk

Paki ilimpata Wendell Kostiuk juu kidogo ya jicho la kushoto, na kabla hajaanguka alikwisha kuisikia ngozi ikifunguka. Alianguka kifudifudi. Damu ikatandaa juu ya barafu na kuanza kuganda papo hapo, na watu wa Sturgeon Gap, waliojaa kwenye mabenchi ya mbao na makoti yao mazito, wakasimama wote kutazama kama atainuka.

Aliinuka. Kwa miaka tisa alikuwa kipa wa timu ya hoki ya barafuni ya mgodi, na kwa miaka tisa hakuwahi kukosa kuinuka. Timu zilikuwa na kipa mmoja tu siku zile. Akiumia, mchezo ulisimamishwa, akashonwa, akarudi langoni. Wote walicheza uso wazi. Kile kisahani cha mpira mgumu kiitwacho paki kiligandishwa kwenye barafu kabla ya mechi kisidunde, na kilipopigwa vizuri na gongo kiliruka kama jiwe la kombeo.

Aliyemshona alikuwa mkewe, Verna, muuguzi wa zahanati ya mgodi. Alimlaza kwenye meza katika chumba cha nyuma ya bafu, penye harufu ya soksi mbichi, akamshona bila ganzi kwa sababu ganzi ilihitaji muda.

"Kumi na moja," Verna alisema akikata uzi. "Ingeshuka upana wa kidole tu, leo ungekuwa chongo."

"Haikushuka."

"Nisikilize, Wendell. Miaka tisa nakushona kama gunia la viazi. Nimechoka. Safari nyingine ukipasuka, utashonwa na Mackie."

Mackie ndiye aliyekuwa kocha, na wakati huohuo alichungulia mlangoni, sigara mdomoni. "Shemeji, bado tu? Watu wanangoja huko."

"Wangoje," Verna alimjibu. "Au njoo uvae wewe."

Wendell alirudi langoni, jicho moja limevimba, akafungwa mabao mawili ambayo hakuyaona kabisa. Alichokumbuka baadaye si yale mabao. Ni kwamba kila paki iliporuka alifumba macho. Alijua amefumba, na alijua kipa anayefumba macho amekwisha.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye klabu ya maveterani wa vita, palipokuwa na televisheni, kuwatazama wachezaji wa ligi kubwa wakicheza huko mashariki. Wenzake walitazama mabao na ngumi. Yeye alimtazama kipa peke yake, hata paki ilipokuwa upande mwingine wa uwanja: jinsi anavyosogea, miguu anaibana vipi, anatoka langoni lini kumnyima mpigaji nafasi. Siku hiyo kipa wa timu ngeni aliingia na kinyago cheupe usoni, kina matundu mawili ya macho na mwanya wa mdomo. Klabu nzima ilicheka.

"Mtazame! Fuvu limefufuka!"

"Mpelekeni kwa mamake!"

Kufikia kipindi cha tatu kicheko kilikuwa kimepungua. Yule mtu alikuwa amepangua mikwaju zaidi ya thelathini. Wendell alikuwa amesogeza kiti chake karibu kabisa na kioo. Aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona: yule mtu aliinama mpaka chini, akapenyeza kichwa katikati ya miguu na magongo ya watu kuitafuta paki, mahali ambapo Wendell asingethubutu kuweka uso wake. Hakuwa akiogopa.

Machi hiyo Wendell na Verna walipanda treni kwenda kusini, wakashuka Winnipeg, wakachukua basi mpaka Gimli. Huko aliishi mzee mmoja aitwaye Thorkelson, fundi wa mashua za nyuzi za kioo, na ilisemekana ameanza kutengeneza vinyago vya makipa. Karakana yake ilinuka gundi na samaki. Alimlaza Wendell juu ya mlango uliong'olewa, akampaka mafuta usoni, akamwekea mirija miwili puani, kisha akammwagia plasta ya maji. Ilikuwa baridi, halafu ikapata joto, halafu ikawa nzito. Wendell alimshika Verna mkono.

"Usitabasamu," mzee alimwambia. "Utakaa umetabasamu milele."

Walingoja siku tatu kwenye chumba cha wageni kwa dada wa Thorkelson. Siku ya nne mzee alimkabidhi Wendell uso wake mwenyewe, mgumu, mweupe, umeng'arishwa. Ulimkaa kama ganda la yai. Mzee akachukua nyundo ya mbao akamgonga nayo paji la uso bila kumwambia.

"Umesikia nini?"

"Kelele tu," Wendell alisema, na kicheko kikamtoka.

Tangu wavalishane pete, Verna hakuwa amemnunulia mumewe kitu kwa furaha kama ile. Alikibeba kinyago mapajani njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mackie hakufurahi. Jumapili ya mechi na Norrie Lake, mchana, alimkuta Wendell kwenye chumba cha kuvalia akifunga mikanda ya kinyago, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Kivue hicho. Watu watasema unaogopa."

"Naogopa," Wendell alisema.

Wanaume kumi na tano waliokuwa wakifunga kamba za viatu waliinua vichwa. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kulisikia neno hilo humo ndani.

"Kama hukitaki, mzee, tafuta kipa mwingine."

Kipa mwingine hakuwapo. Mackie alitema mate sakafuni akatoka.

Norrie Lake walikuwa na mtu anaitwa Reg Tolliver, mrefu, mwekundu, mwendesha winchi ya kushusha wachimbaji shimoni. Miaka miwili nyuma alikuwa amemng'oa Wendell meno manne kwa kitako cha gongo na kucheka. Alipokiona kinyago alipita mbele ya lango taratibu, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Bibi harusi! Mbona hukunialika?"

"Pita, Reg."

"Ngoja kwanza nikupe mkono wa hongera."

Alimpa dakika ya pili. Angeweza kupiga kona ya chini, iliyokuwa wazi, lakini alipiga kichwa, kwa makusudi, kwa nguvu zake zote. Paki ilikipata kinyago shavuni ikaruka hadi kwa watazamaji. Wendell alisikia kishindo kama cha mtu aliyegonga mlango wa chuma. Alisimama palepale. Hapakuwa na damu, wala maumivu. Ndani ya ule uso mgumu alijikuta anacheka kwa sauti, na pumzi yake ikamrudia yenye joto.

Kipindi cha kwanza chote alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alitoka langoni kuwafuata wapigaji, alijitupa mbele ya viatu vyao vyenye makali, alitumbukiza kichwa penye msongamano. Tolliver alimkanyaga kiganja. Akamgonga kwa bega mpaka mgongo wake ukapiga nguzo na lango likang'oka. Refa hakuona, au aliona akaona bora asione. Kipindi cha pili Tolliver alimpitishia gongo shingoni kutoka nyuma akamkaba, na walipoachanishwa Wendell hakuweza kumeza mate.

"Kinyago kinafika mpaka hapa tu," Tolliver alimwambia akimwonyesha kidevu. "Huku chini kote ni kwangu."

Dakika chache baadaye alirudi, akapenyeza ncha ya gongo chini ya kinyago akijaribu kukibandua kama mtu anayefungua kopo. Ncha ikamkwaruza Wendell koo.

Gongo la kipa ni zito, pana kama kasia. Wendell alilishika kwa mikono miwili akalizungusha. Lilimpata Tolliver usoni, na sauti yake haikuwa ya mbao. Tolliver alipiga magoti. Wendell akampiga tena. Tolliver akaanguka chali, mikono imelala wazi, na Wendell akalinyanyua gongo juu kama mtu anayepasua kuni, akalishusha mara ya tatu.

Halafu mabenchi yote mawili yakamwagika uwanjani. Mtu alimrukia Wendell mgongoni, akamtupa. Mwingine alimpiga ngumi kwenye kinyago akavunja mkono wake mwenyewe, akalia kama mtoto. Watazamaji walivuka uzio wa mbao na viatu vyao vya theluji, wakateleza, wakapigana huku wamekaa. Chupa zilipasuka. Refa alivuliwa fulana akavutwa miguu mpaka langoni. Wendell alipiga kila kilichomsogelea, na vidole vyake viwili vilivunjika bila yeye kujua. Kelele zote zilimfikia kwa mbali. Alichosikia vizuri ni pumzi yake mwenyewe. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo alilokuja kumwambia Verna baadaye, kwa kuwa hakutaka kumficha.

Robo saa ilipita kabla polisi wawili wa mji hawajawatenganisha watu.

Zahanatini aliketi kwenye benchi la korido, mkono ndani ya ndoo ya barafu, kinyago kando yake. Mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa wazi. Alimwona Verna amemwinamia Tolliver, sindano inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, daktari akimwangazia taa. Alijua jinsi vidole vile vinavyokaa usoni mwa mtu. Hakuwahi kuviona vikishona uso wa mtu mwingine.

Verna alitoka baada ya muda mrefu akifuta mikono.

"Taya limevunjika mara mbili," alisema. "Jicho la kulia limekwenda."

"Verna..."

"Usiniambie alianza yeye. Nilikuwa pale. Nimeona ya kwanza. Nimeona na ya tatu."

Nyumbani hawakuzungumza kwa siku mbili. Siku ya tatu Wendell alifungua mlango wa jiko la kuni akakinyanyua kinyago akitupe motoni. Verna alikuwa akikanda unga wa pirogi, vijimaandazi vya kuchemsha. Hakugeuka.

"Kiache. Hicho hakikumpiga mtu."

Akakiacha.

Ligi ilimfungia mwaka mzima. Katika taarifa yake kwa polisi refa aliandika ajali ya mchezo, maana watu wa timu zote mbili walimtaka aandike hivyo. Tolliver alitolewa kwenye winchi; mtu wa jicho moja hakabidhiwi roho za wachimbaji mia mbili. Walimpa kazi ya kugawa taa mlangoni mwa shimo.

Mwezi Mei, barafu ya ziwa ilipoanza kupasuka, Wendell alikwenda Norrie Lake peke yake. Tolliver alikuwa kwenye ngazi za nyumba yake, akinyoa mpini wa shoka kwa kisu, kitambaa cheusi jichoni.

"Umekuja kukagua kazi yako?"

"Nimekuja kusema haikuwa ajali," Wendell alisema. "Ile ya kwanza, sijui. Lakini ya pili na ya tatu nilikuwa naona ninachofanya."

"Najua. Nilikuwa chini, nakutazama." Tolliver aliendelea kunyoa mpini. Taya lake lilikuwa limeunga upande, na maneno yalimtoka kwa kona ya mdomo. "Mimi nimepigwa na watu wengi, Kostiuk. Na wengi nimewapiga, wewe ukiwa mmoja. Lakini ukimpiga mtu mnaonana. Unajua lini anatosheka. Siku ile nilikutafuta uso nijue kama utaacha. Sikuona kitu. Lile gamba jeupe tu, halina habari na mimi."

Wendell alitazama vipande vya mbao vikidondoka ngazini.

"Meno yako manne yale," Tolliver alisema baadaye kidogo, "sikuja kukutazama."

"Hukuja."

"Basi." Alikipangusa kisu kwenye suruali. "Nenda zako sasa. Mke wangu yuko ndani, na yeye hana moyo kama wangu."

Baridi ya mwaka uliofuata, kifungo kilipokwisha, Mackie alikuja mwenyewe kumwomba arudi. Wendell alimuuliza Verna. Verna alifikiri wiki nzima, kisha akasema akirudi, arudi na kinyago, na siku atakapoisikia tena ile furaha akiwa ndani yake, atoke uwanjani hapohapo hata kama mechi haijaisha. Alikubali. Ilitokea mara moja, mwezi Desemba, na alitoka, na timu ilifungwa lango likiwa tupu. Mackie hakusema naye mpaka Krismasi.

Mwezi Januari walicheza Norrie Lake. Uwanja mzima ulimwita muuaji tangu alipokanyaga barafu. Kipindi cha pili alimwona Tolliver nyuma ya lango lake, ameegemea uzio, mikono mfukoni. Hakupiga kelele, hakurusha kitu. Alisimama tu hapo hadi kipenga cha mwisho, na kila Wendell alipogeuka kuchukua maji alimkuta akimtazama. Sturgeon Gap walifungwa manne kwa mawili.

Wendell alikuwa ameketi kwenye benchi, kinyago amekivua, pedi za kujikinga bado miguuni, nywele zimeloa, Tolliver alipokuja akasimama upande wa pili wa uzio.

"Lile bao la tatu," Tolliver alisema, "hata mimi ningelidaka."

"Lilipita chini ya mkono."

"Nimeona lilikopita."

Akavaa kofia yake akaondoka, akijigonga bega kwenye nguzo ya mlango upande wa kulia. Wendell alibaki ameketi pale mpaka Verna alipoingia uwanjani kumtafuta.