Mama Ukaguzi Anatafuta Mpangaji

Dalali alimwonya mpiga pasi mapema: mwenye nyumba hii hapangishi mtu kabla hajaenda kuona anakoishi sasa. Huja Jumamosi, akapekua masufuria, chini ya vitanda na nyuma ya mlango wa choo, ndipo aamue. Wapangaji walimwita Mama Ukaguzi, naye jina lile alilijua na alilipenda.

Mpiga pasi hakutishika. Usafi ndio uliokuwa ukimlisha. Mwaka wa nane sasa alikuwa akilala stoo kwa kaka yake, na kila akirudi kutoka kwa dobi, baada ya kunyoosha mashati ya watu kutwa nzima, alianza zamu ya pili: kupika, kufua, kuogesha watoto. Wifi yake alimwita "mgeni wetu." Mgeni gani huyo wa kudeki choo cha wenyeji, labda wifi mwenyewe ndiye ajuaye.

Nyumba aliyoitaka ilikuwa chumba na sebule, ghorofa ya pili, mtaa mtulivu wa nje ya mji. Siku alipoonyeshwa, aliufunga mlango kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena, dalali akimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Miaka minane hakuwa na mlango wake.

Jumamosi ilipofika aliamka alfajiri. Akasugua sakafu mpaka magoti yakawaka moto, akang'arisha masufuria, akafua mapazia na kuyapiga pasi. Stoo hakuigusa, maana hapakuwa na pa kugusa: masanduku ya wifi, baiskeli mbovu, magunia, na katikati godoro lake. Alidhani mwanamke yule anakuja kukagua nyumba. Hapo ndipo alipokosea.

Mama Ukaguzi alifika saa nne. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jikoni alifunua sufuria akauona uso wake ndani.

"Hongera, mwanangu," akamwambia wifi. "Hii nyumba ina mwenyewe."

"Asante, mama. Najitahidi tu," wifi akajibu, bila hata kupepesa jicho.

"Na huyu anayetaka kupanga kwangu analala wapi?"

Wifi akafungua mlango wa stoo. Mama Ukaguzi akachungulia, akarudi nyuma hatua moja, mkono puani.

"Mama, vitu hivyo si vyangu," mpiga pasi akasema. "Na huko kote nimesafisha mimi. Kila siku nasafisha mimi."

Wifi akacheka. "Kashika ufagio leo, keshaanza kujitangaza."

Mama Ukaguzi akamgeukia kaka mtu, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake. "Baba, wewe ndiye mwenye nyumba. Nani anasema kweli?"

Mpiga pasi akamtazama kaka yake. Walinyonya ziwa moja wale. Kaka akakuna kidevu, akamtazama mkewe, akarudi kwenye simu.

"Wanasaidiana tu, mama," akasema.

Basi wifi akaona mlango uko wazi, akaupita. Alikuwa na mdogo wake, alisema, mtoto wa tumbo moja, msafi kama yeye, naye anatafuta nyumba. Kwa mpigo mmoja akampatia mdogo wake makazi na kumbakiza mtumishi wake wa bure. Mama Ukaguzi aliondoka na namba ya simu ya mdogo mtu.

Mpiga pasi alilia stoo, kwa sauti, wala hakuna aliyemwambia nyamaza.

Wiki iliyofuata mkataba ulikuwa umeshatiwa saini, na wifi akamtuma akasaidie kusafisha nyumba ile kabla mdogo wake hajahamia. Akamwendea kaka. "Nenda tu, dada," kaka akasema. "Ni nusu siku. Usituletee ugomvi ndani."

Akaenda. Alikuwa kapiga magoti sebuleni, akisugua sakafu aliyoililia, mdogo wa wifi kakaa dirishani akipaka rangi kucha, Mama Ukaguzi alipoingia. Yule mama akasimama. Akaitazama ile mikono ilivyokuwa ikienda, kona kwa kona, bila kuruka pahali. Akamtazama na yule wa dirishani. Akaelewa.

"Kumbe ulisema kweli," akasema taratibu.

Mpiga pasi akainua uso. Moyo ulimdunda, Mungu amsamehe, kwa tumaini.

"Sasa yameshapita, mwanangu. Karatasi zimeshasainiwa, na mimi sipendi kurudi nyuma." Akainama, akamgusa bega kwa upole kabisa. "Lakini ukimaliza hapa, nisafishie na ngazi. Toka juu mpaka chini. Nilikuwa natafuta mtu kama wewe."

Mdogo wa wifi akapuliza kucha zake zikauke. Mpiga pasi akafungua mdomo, akitafuta neno la kumtosha mama yule, na neno lililotoka, kwa mazoea ya miaka minane, likawa, "Ndiyo, mama."