Mnara Aliopanda Mazoon

Kitendawili! Mkalimani wangu hana ulimi. Hamjui? Basi nipeni mji. Mkinipa Sur nitaukubali, nina jamaa huko.

Jibu lake ni kisanduku cheusi, kadiri ya kipande cha sabuni, alichonacho mjukuu wangu Mazoon. Waya mmoja unatoka kwenye mashine ya gemu ya zamani na kuingia humo, wa pili unatoka humo kwenda kwenye kompyuta. Mashine inasema lugha ya televisheni za kale, kompyuta haiifahamu, basi kisanduku kinawafasiria. Bila hicho Mazoon acheze atakavyo, hapana atakayeona ila mimi na ukuta.

Nimeanza na mchezo ili nipoe. Sijapoa.

Mashine aliinunua mwanangu Khalaf, babake Mazoon, alipokuwa kijana. Ikalala miaka ndani ya sanduku la bati pamoja na mablangeti, mpaka Mazoon alipoifufua. Kaseti zake anazisafisha meno kwa pamba na spiriti. Siku moja niliipuliza kaseti kwa mdomo, kama Khalaf alivyokuwa akifanya, akanipigia ukelele: "Bibi, la! Pumzi ina maji, itashika kutu!" Nikatubu.

Kila siku baada ya Alasiri, hapa kwetu Ibra, tunakaa sebuleni mbele ya televisheni nene ya zamani, yeye na padi yake ya kuchezea, mimi na kahawa yangu. Anarusha mchezo laivu, watu wanatazama, mimi natega vitendawili, naye akishindwa ananipa mji. Oman nzima imekwisha kuwa yangu.

Basi mwezi wa Shaaban yakatangazwa maonyesho ya gemu za kale huko Nizwa. Sharti lao: mtu arikodi mchezo mzima, tangu mwanzo hata mwisho, asikate, asife hata mara moja, wala asiuonyeshe popote kabla. Mazoon akachagua mchezo wa mnara. Kuna kijitu kinapanda ghorofa hamsini, na kila ghorofa ina balaa lake. Miezi mitano alijifunza. Kidole gumba kikaota sugu. Siku aliyofika juu alilia, nami nikapiga vigelegele, na vyote vimo ndani ya rikodi.

Aliyekuwa akipokea rikodi za maonyesho ni Maen, mjukuu wa Wadha, shoga yangu wa Nizwa, tuliyesoma naye Unguja tukiwa wadogo. Tukafurahi, tukasema ni mwenzetu. Mazoon akamtumia kazi yake yote.

Hazikupita wiki mbili, Maen akautia mchezo ule kwenye chaneli yake, kwa jina lake! Sauti zetu kazifuta, katia yake. "Hapa nilibana pumzi." "Hapa vidole viliniuma." Vidole vyake! Vidole vilivyouma nilivikanda mimi, kwa mafuta ya nazi, kwa mikono yangu hii. Na kwenye orodha ya maonyesho limeandikwa jina lake, na chini yake watu wanamwita bingwa.

Nikamwambia Mazoon, "Si unayo rikodi yako, yenye sauti zetu?"

"Ninayo."

"Basi itoe, watu wasikie."

"Khalas, Bibi. Mambo haya yamekwisha."

Akachomoa waya mmoja mmoja, akaikunja mikunjo ya nane, akairudisha mashine kwenye sanduku la bati. Sebule ikabaki na televisheni ile nene haina kazi, mpaka na yenyewe akaitia stoo.

Siku tatu nilimsema. "Umeumbwa kwa pamba? Mtu kakuvua nguo mchana na wewe unamwambia ahsante?" Yeye anaosha vyombo. Siku ya nne nikavuka mpaka. Nikamwambia, "Labda kweli hukuupanda wewe."

Akaweka sahani chini. Akaja na kompyuta, akanivalisha vile vya masikioni. "Sikiliza, Bibi."

Nikajisikia mwenyewe, nacheka kama kuku. "Kitendawili! Jiwe langu lina sukari." Mazoon anasema, "Sijui, nakupa Sur." Nami, kwa raha zangu: "Visheti vya Wadha!" Tunacheka. Kisha naendelea, mana'ake mimi nikianza sina breki: "Huyo Wadha tangu darasa la nne mwizi. Aliinakili insha yangu, mwalimu akaisoma mbele ya darasa, akampa yeye kalamu ya wino. Mimi nikanyamaza. Mwizi wa insha, mpika mawe!"

Nikavivua. Masikio yamenipata moto.

"Nikitoa rikodi hii, Bibi Wadha atasikia," Mazoon akasema. "Na sharti ni kutokata. Nikikata sauti yako, watasema nimekata na mchezo."

"Na Maen amesikia haya?"

"Yote. Ndiyo maana ameniandikia." Akanionyesha simu. Maneno yalikuwa machache: Itoe, kama unataka bibi zetu wagombane.

Wallahi, niliona kiza. Kuiba ni kitu kimoja. Lakini kuchukua ulimi wa kizee, ukaufanya kufuli la kumfungia mtoto wake! Na mtoto kakubali afungwe, kauza miezi mitano ili aibu yangu isitoke nje, na mimi siku nne namwita pamba. Hasira zilikuwa zote kwa Maen. Nusu yake ikageuka ikanikabili.

"Lete simu," nikasema.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nafungua kufuli."

Wadha akapokea kwa furaha, "Fakhriya! Leo mapema!"

"Wadha, nimekusengenya."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mashine. Na sasa mjukuu wako anaitumia kumziba mdomo mjukuu wangu."

Nikamweleza yote. Wizi wa Maen, tishio lake, insha, kalamu. Visheti niliviruka. Mtu hatubu yote kwa siku moja.

 

"Kalamu ile ninayo," akasema taratibu. "Nimehama nayo Unguja, nimeolewa nayo Nizwa. Haina wino miaka sitini, siwezi kuitupa wala siwezi kuitazama. Insha ilikuwa yako, Fakhriya. Nisamehe."

"Nimekusamehe, duniani na akhera. Nisamehe na mimi ulimi wangu."

"Nimekusamehe. Na huyu Maen namsikia chumbani anasema peke yake."

"Yuko laivu."

"Ngoja."

Mazoon akafungua chaneli kwenye simu. Huyo Maen, na kofia yake ya Kiomani imekaa sawa, anawaeleza watu kwa Kiarabu namna alivyoivuka ghorofa ya arobaini. Mlango nyuma yake ukafunguka.

"Shikamoo, Bibi," akanong'ona kwa Kiswahili. "Niko laivu."

"Marahaba. Na mimi nataka kuwa laivu." Wadha akavuta kiti, akakaa, akatengeneza mtandio. "Watu hawa hawajui Kiswahili?"

"Hawajui."

"Basi wafasirie. Mchezo huu hukuucheza wewe. Ameucheza Mazoon binti Khalaf, wa Ibra. Wewe umeuiba."

Maen akawaambia watazamaji kwa Kiarabu: "Bibi anawasalimu nyote."

Maskini Maen! Mwanamke yule miaka hamsini anabishana na wauza mbuzi wa soko la Nizwa, kwa Kiarabu chao, na mbuzi anaondoka naye yeye. Alimshika sikio mbele ya dunia. "Nimesema salamu, mimi? Fasiri!"

Akafasiri. Neno moja moja, sikio liko mkononi.

"Sasa sema na hili. Mimi nilikuwa na miaka kumi nikaiba insha ya mwenzangu, nikapigiwa makofi. Makofi yale yameniuma maisha yangu yote."

"Bibi, hilo si lazima..."

"Fasiri."

Akalifasiri, na sauti yake ikapasuka katikati. Akazima kamera mwenyewe.

Pembeni yangu Mazoon amejifunika uso kwa viganja. Sikumuuliza kama anacheka au analia.

Kesho yake jina likabadilishwa kwenye orodha ya maonyesho, na Mazoon akaitoa rikodi nzima, na vigelegele vyangu vyote. Nilikumbuka visheti wakati nimekwisha kuchelewa. Simu ikalia.

"Fakhriya," Wadha akasema. "Jiwe langu lina sukari. Nini hiyo?"

Nilitafuta pa kujificha. "Nakupa... nakupa Ibra yote, Wadha."

"Sitaki mji. Maen anakuja huko kuomba radhi, na bati zima la visheti. Utakula mbele yake."

Alikuja Ijumaa. Akaamkia vizuri, macho chini, akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia, "Mimi siye wa kuulizwa. Muulize mwenye vidole."

Mazoon hakunyanyuka. Akasema, "Televisheni iko stoo. Nzito. Ilete." Akaileta peke yake, jasho linamtiririka, Mazoon akimwelekeza tu: kulia, kushoto, polepole na kioo. Alipoiweka chini alimwambia, "Sijakusamehe bado. Rudi na sanduku la bati."

Mimi hapo nimekwisha kutosa kisheti kwenye finjani. Nikahesabu mpaka ishirini, nikakingoja. Bado jiwe. Nikakila, mpaka mwisho, kijana akiwa ananitazama.