Nyota za Mke

Flaviana alikuwa akigawa nyota kwa kumwangalia mke, basi. Maandishi mazuri, mabusu ya kwenye mvua, machozi uwanja wa ndege, hayo aliwaachia wenye nafasi. Yeye aliuliza jambo moja tu: katika riwaya hii ya wanaume wawili wanaopendana, mke wa huyo mmoja yuko wapi, na kafanywa nini?

Uhakiki wake wa kwanza, kwenye tovuti ya wasomaji wa Kiswidi, ulikuwa na sentensi nne. "Mke anatokea ukurasa wa tisa. Hana jina. Kaunguza nyama. Nyota moja." Watu wakacheka, wakamtumia mioyo. Wa pili: "Mke kaambiwa, ukurasa uliofuata kafa na saratani, ili awapishe. Nyota moja." Wa tatu: "Mke kaambiwa, kacheka, kafungua mvinyo, kasema alijua siku zote. Nyota mbili, kwa sababu angalau kapewa kiti." Kufikia Desemba wafuasi walizidi mia tatu, wakimsifu kwa ucheshi wake. Hata binti yake Tiana, wa miaka kumi na mitatu, alizisoma akasema, "Mamma, du är ju rolig!" yaani, mama kumbe unachekesha! Flaviana hakuwa na habari kwamba anachekesha. Jamani, mtu mzima na akili zake achekeshe kwa jambo kama lile?

Maana jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwezi wa kumi, jikoni kwao Hässelby huko ughaibuni, mumewe Goodluck aliweka chini kisu cha kumenyea viazi akasema, "Mama Tiana, mimi napenda wanaume. Nina mtu. Anaitwa Jonathan, anakaa Upplands Väsby." Miaka kumi na minne ya ndoa, watu mia nne walikula pilau Moshi, na maneno yenyewe yakaisha kabla sufuria haijachemka.

"Haya," Flaviana alisema. "Lete hivyo viazi."

Goodluck ndiye aliyelia. Flaviana wapi! Alipika, akapakua, akaosha vyombo. Juma lililofuata mwanamume alipoondoka na mabegi mawili, alimkumbusha kofia yake ya baridi. Flaviana ni msaidizi wa daktari wa meno, ganzi anaijua vizuri. Anawaona wagonjwa kila siku, mtu kajiuma shavu mpaka damu inachuruzika, naye anakuuliza kama kuna kitu mdomoni. Ndivyo alivyokuwa.

Vitabu alivikuta Novemba, aliposhuka kwenye stoo yao chini ya jengo kutafuta matairi ya theluji. Maboksi manne, yameandikwa "Vyombo", na ndani riwaya thelathini na nane za mapenzi ya wanaume. Kumbe! Goodluck ambaye Flaviana alidhani hasomi kitu zaidi ya barua za kodi! Na alichagua aina moja tu, kila kitabu kina mwanamume mwenye mke nyumbani.

Akaanza kuvisoma kwenye treni ya kijani, kwenda kazini na kurudi. Hakufunika majalada. Siku moja Anitha, mwenzake wa kwaya ya kanisani, alikaa kando yake, akaona vifua viwili vya wazi, akashika msalaba wa shingoni.

"Dada Flavi, hicho ni nini?"

"Kitabu."

"Naona ni kitabu. Unasomea nini mambo hayo?"

"Nahakiki," Flaviana alijibu, akafunua ukurasa. Anitha alishuka kituo kimoja kabla ya chake.

Habari za Jonathan hazikumhusu. Alitaka kujua jambo moja, na hakuwa na mdomo wa kumuuliza Goodluck. Miaka ile kumi na minne, yeye alikuwepo? Au alikuwa pazia tu, la kuzuia majirani wasichungulie? Mwanamume wa namna hiyo akilala ubavuni mwa mkewe, anamwona, au anaona ukuta? Vitabu vilimjibu, kimoja baada ya kingine, kwamba ni pazia. Alisoma majibu hayo kama anavyosoma ratiba ya wagonjwa, akaandika, akatoa nyota.

Januari Goodluck akatuma ujumbe: atapita Jumamosi kuchukua maboksi. Vilikuwa vimebaki vitabu viwili. Alhamisi, saa ya chakula, Flaviana akiwa kwenye hicho cha mwisho kabisa, kurasa zilishikana. Ikabidi azitenganishe kwa kucha, kama kitabu kimetoka dukani asubuhi ile. Akarudi nyuma kutazama kona iliyokunjwa. Kona hizo aliziona tangu kitabu cha kwanza, akajisemea huyu naye hamalizi kitu, hata ukuta wa chumbani alipaka rangi nusu. Sasa akasoma ukurasa wenyewe. Ni pale mke anapoambiwa.

Alipofika nyumbani alimwaga vitabu vyote kwenye zulia, akafungua kimoja kimoja. Thelathini na nane, kila kimoja kona imekunjwa pale mke anapoambiwa, na kuanzia hapo hakuna alama ya kidole ila cha Flaviana mwenyewe. Hata hapo hakusikia kitu moyoni. Alijua tu kwamba hili ni jambo la mtu kulisikia.

Jumamosi Goodluck alifika, Jonathan akabaki garini. Wakashuka wawili stoo, ambako Flaviana alishayarudisha maboksi. Mwanamume kakonda, na koti ni jipya.

"Baba Tiana," Flaviana alisema, "mbona hukumaliza hata kimoja?"

Goodluck alitazama kitabu alichoshikishwa.

"Nikifika pale anapoambiwa, nakuona wewe," alisema. "Nafunga kitabu, napanda juu."

"Unapanda juu, unakula."

"Nakula."

"Unaniambia chakula kitamu."

Basi Flaviana akawa amepata jibu lake: alikuwepo. Mara thelathini na nane mtu huyu aliuona uso wake ukiumia, na mara thelathini na nane akajikinga yeye asiutazame. Flaviana hakujua amshukuru au amzabe kofi.

"Zinaishaje?" Goodluck aliuliza polepole. "Hizi hadithi."

"Hujui?"

"Sijui hata moja."

"Wanafurahi. Wote. Wengi wananunua mbwa."

Goodluck alicheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Na mke?"

"Kurasa mbili baada ya hapo ulipokunja, hatajwi tena."

Alipoyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe, hasira ikamjia, hasira hasa. Ilimpanda mpaka masikioni. Akamnyang'anya kitabu, akakifungua kwenye kona, akamrudishia.

"Kaa hapo kwenye boksi. Soma. Kwa sauti."

"Mama Tiana, Jonathan ananisubiri."

"Na asubiri! Mimi nimeishi miaka kumi na minne na mtu anayejua nitakavyoumia, akanifichia maumivu yangu mwenyewe ndani ya boksi la vyombo. Nilikuwa na miaka thelathini tulipooana, Goodluck! Ungeniambia siku ile nikiwa na thelathini! Zile kurasa mbili unanisomea leo."

Taa ya stoo, ambayo hujizima yenyewe, ikazimika. Flaviana akapapasa ukuta akaiwasha. Goodluck alikuwa ameshakaa. Akaanza kusoma, kwa Kiswidi chake chenye lafudhi ya Moshi, sauti ikikwama kila baada ya maneno machache. Alipofika mahali mke anapofunika uso wake kwa mikono, Flaviana alikuwa ameshamtangulia, uso wake mikononi.